Barua ya wazi kwa Baraza la Mji: boma letu linaisha haba na haba

Kwa Mheshimiwa Meya,
Waheshimiwa Madiwani,
na Mkurugenzi wa Mji.

YAH: KUKATWA KWA MITI 18 KWENYE TUTA LA BOMA LA ZAMANI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni somo tajwa hapo juu.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoanza barua zangu tatu zilizotangulia, na sitaki ionekane kwamba kwa kuja hadharani nimeacha adabu mlangoni. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Ya pili nikajibiwa kwa mdomo kwamba faili limehamia idara nyingine. Ya tatu nilipoifuatilia, kijana mmoja mpole wa dirishani aliniamkia vizuri, kisha akasema, “Mzee wangu, suala lako linafanyiwa kazi.” Wiki iliyofuata nikaiona hiyo kazi: alama za X za rangi nyekundu kwenye mashina 18, kuanzia lango la kaskazini mpaka pale tuta linapokata kona kulifuata handaki la zamani.

Rangi yenyewe ilipakwa mbiombio. Kwenye mti namba 114 imechuruzika toka usawa wa kifua hadi chini kwenye mizizi, ikapita juu ya kibati cha namba ambacho baraza hilihili lilikipigilia hapo. Mti mliuandikisha wenyewe ili utunzwe. Sasa daftari la utunzaji ndilo lililotumika kuutafutia mkataji.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, naomba tukubaliane tunazungumzia kitu gani, maana tangazo lenu la kujenga maegesho ya magari linasema “uwanja wazi wenye miti”. Hapana. Pale palikuwa na ukuta wa mji, tuta la udongo nyuma yake na handaki mbele yake. Ukuta ulipokosa kazi ukabomolewa sehemu kubwa. Waliokuwa na madaraka siku hizo wangeweza kugawa viwanja na kujitajirisha, wakaamua kupanda miti. Uamuzi wa aina hiyo miji mingi iliufanya. Mwaka 1670 Mfalme Louis XIV aliamuru kuta za Paris zibomolewe na mahali pake ipandwe miti kwa safu. Neno boulevard, ambalo leo dunia nzima inalitumia kwa barabara pana yenye miti, limetoka kwenye bolwerk la Kiholanzi, yaani ngome. Bremen, huko Ujerumani, walianza kuligeuza boma lao kuwa bustani ya wananchi mwaka 1802, na hadi leo ukitazama maji ya handaki utaona yanakwenda kwa pembepembe kama ngome ilivyochorwa. Kraków, huko Polandi, walianza 1822, wakapata mkanda wa bustani wa kilomita 4 hivi unaouzunguka mji mkongwe wote.

Lucca, huko Italia, hawakubomoa kabisa. Kuta zao zina mzunguko wa kilomita 4 na ushei, na juu yake kuna safu za miti ambayo watu hutembea chini yake. Wajenzi wa ngome ile walikuwa na sababu za kijeshi za kupanda miti: mizizi ilishika udongo wa tuta, na mji ukizingirwa kuni zingekuwapo. Hakuna jeshi lililowahi kuzijaribu kuta zile. Aliyezijaribu ni mto Serchio, mwaka 1812, ulipofurika; wakafunga malango na maji yakabaki nje. Nasimulia haya kwa kuwa diwani mmoja alinicheka niliposema miti ni sehemu ya boma. Si mapambo ya baadaye, mheshimiwa.

Sasa malalamiko yangu.

1. Mnahesabu miti, sisi tunahesabu mzunguko.

Tangazo linasema kinachochukuliwa ni “kipande kidogo”. Kila kilichowahi kuchukuliwa kwenye boma hili kilikuwa kipande kidogo. Kituo cha transfoma kilikuwa kidogo. Choo cha umma kilikuwa kidogo, na tulikihitaji, sikatai. Kibanda cha mlinzi kikaja, kikafuatiwa na njia ya magari ya kumfikia mlinzi, kisha sehemu ya magari kugeuzia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hata kibaba huchotwa haba na haba kikaisha, na kila aliyechota akaapa kwamba amechukua kidogo tu.

Thamani ya boma ni kwamba mtu anaweza kuanza kutembea lango la kaskazini, akauzunguka mji mzima chini ya kivuli, akarudi alikoanzia. Ukilikata mahali pamoja hujapunguza asilimia fulani ya bustani. Umetengeneza bustani fupi mbili zisizokutana. Mama anayesukuma mtoto kwenye kigari anafika ukingoni, anatazama magari, anageuza.

Frankfurt, Ujerumani, waliliona hili mapema. Baada ya kubomoa ngome zao walijifunga kwa masharti ya kisheria, yaliyowekwa mwaka 1827, kwamba mkanda ule wa kijani usijengwe. Masharti hayo bado yana nguvu. Hayakuzuia kila kitu. Yapo majengo yaliyopenya. Lakini mkanda upo, katikati ya maghorofa ya mabenki, kwenye ardhi ambayo mfanyabiashara yeyote angeilipia bei yoyote. Sisi hatuna hata karatasi moja inayosema boma ni kitu kimoja. Tuna vibati vya namba.

2. Mmeanza kuikata miti kabla ya kuikata.

Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Mtaro wa kebo uliochimbwa miezi iliyopita ulipita upande wa ndani wa tuta. Nilikwenda na futi kamba. Mzingo wa mti namba 114, ukipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, ni sentimita 340, maana yake kipenyo chake ni sentimita 108 hivi. Kipimo wanachotumia Waingereza kwa ujenzi ulio karibu na miti kinataka eneo la mizizi lisiloguswa, ambalo nusu kipenyo chake ni mara 12 ya kipenyo cha shina. Kwa mti huu ni takriban mita 13. Mtaro ulipita mita 4 kutoka kwenye shina.

Wengi tunadhani mizizi inakwenda chini wima kama karoti. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti mkubwa iko kwenye udongo wa juu, ndani ya mita moja ya kwanza, na inatambaa mbali kupita ncha za matawi. Kwa hiyo mtaro wa kina cha kiunoni unakata karibu kila kitu kilichoko upande huo. Nilishuka mle ndani siku ya Jumapili wakati mafundi hawapo. Kulikuwa na mzizi mnene kama paja langu. Haukukatwa kwa msumeno. Katapila liliunyofoa, ncha ikabaki nyuzinyuzi kama kamba ya katani iliyokatika kwa uzito, na bado ilikuwa mbichi, inatoa maji ukiigusa. Siku mbili baadaye wakafukia, wakapitisha shindilio juu ili pawe imara. Udongo ulioshindiliwa hauna nafasi ya hewa wala ya maji kupenya, na mzizi nao unahitaji kupumua.

Mti wa namna hii haufi kesho. Unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Unaanza kupukutisha majani juu kileleni, matawi ya nje yanakauka, uyoga unaota chini. Ndipo anafika ofisa na faili, anaandika: “Mti umedhoofu, ni hatari kwa wapita njia.” Anaandika kweli tupu. Asichoandika ni nani aliyeudhoofisha.

3. Mnasema miti ni hatari. Onyesheni vipimo.

Najua jibu hili linakuja, kwa hiyo nalijibu mapema. Mti ukiwa na uwazi ndani haimaanishi kwamba unaanguka. Bomba nalo ni tupu ndani na linabeba mzigo. Wataalamu wa miti wana kanuni ya kuanzia: ukuta wa mbao nzima uliobaki ukiwa na unene wa karibu theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina, mti kwa kawaida bado una nguvu. Kuna nyundo ya mbao ya kugongea na kusikiliza, kuna vifaa vinavyopitisha sauti ndani ya shina vikachora ramani ya palipooza, kuna sindano ndefu inayotobolewa na mashine na kuandika ugumu wa mbao sentimita kwa sentimita. Kati ya hivyo, ni kipi kilichotumika kwenye boma? Nimeuliza katika barua ya kwanza na ya tatu.

Ninachokiona kwa macho ni hiki: miti 18 iliyopigwa rangi imekaa kwenye mstari mmoja, na mstari huo ndio ukingo wa maegesho kwenye mchoro uliobandikwa ubao wa matangazo. Jirani zake, wa umri uleule, waliopandwa siku zilezile, umbali wa hatua kumi nje ya mchoro, wote wazima. Ugonjwa gani huu unaojua kusoma ramani?

Kwa haki niseme: mti namba 121 una panda iliyopasuka na uyoga mgumu umeota shinani upande wa njia. Ule kaupimeni. Ikibainika hauna budi kukatwa, sitasimama mbele yake, nitawashikia hata ngazi.

4. Kuhusu ahadi yenu ya kupanda miti mitatu kwa kila mmoja utakaokatwa.

Hesabu inavutia, lakini mche wenye unene wa fimbo ya kutembelea hauwezi kulinganishwa kwa idadi na mti ambao watu watatu wanashikana mikono kuuzunguka. Kivuli kinatoka kwenye majani, na majani yanahitaji matawi, na matawi yanahitaji miongo. Popo na bundi waliomo kwenye mapango ya miti ile hawatasubiri. Pango la kufaa haliji mpaka mti uzeeke, tawi lianguke, kidonda kioze taratibu. Isitoshe, tangazo halisemi miche itapandwa wapi. Nimesikia ni pembezoni mwa mji, ambako hakuna boma.

Sipingi kupanda. Mwaka 1982 ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kihistoria, lilipitisha Hati ya Florence kuhusu bustani za kihistoria, na hati hiyo inakiri wazi kwamba bustani ni ukumbusho ulio hai: mimea hufa, na hubadilishwa. Ndiyo sababu inataka upandaji mpya uwe na mpango, aina zichaguliwe kwa kuheshimu zilizokuwapo, ili sura ya mahali isipotee. Kwenye safu yetu kuna mapengo tisa ambayo hayajawahi kujazwa. Anzieni hapo. Kama baraza lingejaza pengo moja kila mwaka bila kelele, leo tungekuwa na miti ya rika zote na kusingekuwa na haja ya kuandikiana.

5. Kuhusu mizizi inayobomoa ukuta.

Hoja hii ina ukweli, na sitaipita kama siioni. Kwenye kuta za mawe mizizi inaingia kwenye viungo, inanenepa, jiwe linasukumwa. Anayetaka kuona miti na kuta zilivyoishi pamoja aende Gede, pwani ya Kenya, mji wa kale wa Waswahili uliohamwa ukazungukwa na msitu, na ambao tangu 2024 umo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Watu huenda kuona magofu wakaondoka wanasimulia na miti.

Ila miti mliyoitia alama haiko juu ya ukuta wa mawe. Iko kwenye tuta la udongo, na kwenye tuta kazi ya mizizi ni kinyume kabisa: inashikilia. Mti ukikatwa, mizizi yake haiondoki siku hiyo. Inaoza mle ndani pole pole, inaacha mashimo, na baada ya miaka kadhaa mteremko unalegea. Mvua kubwa ikija wakati huo, udongo unashuka handakini. Mkandarasi atakuwa ameshalipwa zamani.

Na kama kweli mnaujali ukuta, kipande cha mawe kilichobaki karibu na lango la mashariki kimeota vimiti vyenye unene wa penseli kwenye kila ufa. Hivyo ndivyo vya kung'olewa, sasa hivi, kabla havijawa tatizo la wajukuu. Kazi ya mtu mmoja na ngazi kwa siku mbili.

6. Kuhusu maegesho.

Mji una magari mengi, nakubali. Nitatoa mfano mmoja tu. Utrecht, Uholanzi, walikuwa na handaki la maji la karne ya 12 kuuzunguka mji wao. Miaka ya 1970 wakakausha sehemu yake wakapitisha barabara kuu ya magari, kwa sababu hizihizi zenu. Mwaka 2002 wananchi wakapiga kura kuhusu eneo hilo, wakachagua maji yarudi. Mwaka 2020 yakarudi, na mzunguko ukakamilika tena. Wamelipa mara mbili: kuliharibu na kulirudisha. Na wao walikuwa na bahati, maji yanarudi ukiyafungulia. Mti wa umri ule haufunguliwi kwa bomba.

7. Kuhusu namna mlivyolifanya jambo hili.

Tangazo lilibandikwa siku ya Ijumaa alasiri, nyuma ya kioo, karatasi ya juu ikiwa imefunika tarehe. Sitaki kudhani ni makusudi. Lakini mwezi Machi 2023 huko Plymouth, Uingereza, miti 110 katikati ya mji ilikatwa usiku, na haikupita mwezi kiongozi wa halmashauri akajiuzulu. Sheffield, hukohuko Uingereza, ilikuwa na mpango wa kuondoa miti 17,500 ya barabarani. Maelfu ilikatwa, wakazi wakakamatwa, miaka ikapita kwenye ugomvi, mpaka uchunguzi huru wa 2023 ukaeleza jinsi halmashauri ilivyopotosha watu na mahakama, na halmashauri ikaomba radhi. Kilichowaangusha wote hao kilianza kama chenu: mchoro uliokwisha kuamuliwa, na swali la mwananchi lililoitwa “usumbufu”.

Ninachoomba, Waheshimiwa, si kingi.

(a) Kazi isimame kwenye sehemu yote ya kaskazini mpaka kikao cha baraza kilicho wazi kwa wananchi, chenye tarehe iliyotangazwa mapema na kwa maandishi yanayosomeka.

(b) Ripoti ya ukaguzi wa kila mti kati ya ile 18 iwekwe hadharani, ikieleza nani alipima, lini, na kwa kifaa gani. Kama haipo, semeni haipo. Hilo nalo ni jibu.

(c) Boma lote, tuta, handaki, vipande vya ukuta na safu za miti, liandikwe kwenye hati moja na kulindwa kama kitu kimoja, kiasi kwamba anayetaka hata kipande cha kuweka transfoma aje kuomba mbele ya kikao.

(d) Udongo ulioshindiliwa juu ya mtaro ulegezwe kwa mkono au kwa hewa ya shinikizo, si kwa katapila, na eneo la mizizi lizungushiwe uzio wakati wa kazi yoyote ijayo.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa chini ya mti namba 114, na futi kamba yangu na daftari. Namwomba Mkurugenzi afike, au amtume yule kijana wa dirishani, ambaye sina kinyongo naye. Tutapima pamoja umbali wa mtaro. Nikikuta nimekosea hata nusu mita, nitaandika barua nyingine ya wazi kuwaomba radhi, na nitaibandika mwenyewe kwenye ubao wenu, mbele ya kioo.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa mji, mtaa wa nyuma ya tuta

Nakala: Ubao wa matangazo, lango la kaskazini